Safari ya Msituni Haiishii Stendi ya Nyegezi

Kila mwaka, masika yanapokatika na kiangazi kuingia, miongoni mwa abiria wanaoondoka katika stendi ya mabasi ya Nyegezi huwamo vijana wanaokwenda kufanya kazi za misitu mbali na nyumbani. Baadhi ni wanafunzi wa vyuo wanaokwenda kwenye mafunzo kwa vitendo, na wengine ni wahitimu wanaojitolea kwa wiki kadhaa wakisubiri ajira. Hurudi mwezi Agosti au Septemba wakiwa wamekonda kidogo, wamekomaa mikono, na wana mengi ya kusimulia.

Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba msitu unaweza kuwa bado umo mwilini mwao. Magonjwa kadhaa yanayopatikana porini hayamwangushi mtu siku ileile. Hujificha kwa siku, kwa wiki, hata kwa miezi, kisha hujitokeza wakati mhusika ameshavua viatu vya kazi na kurejea Mkolani, Butimba au Igoma. Huko humkuta mhudumu wa afya aliyezoea homa za mjini, na mgonjwa asiyeona sababu ya kutaja msitu. Makala hii inaeleza kwa nini swali fupi, "Ulikuwa wapi?", linaweza kuokoa maisha kuliko kipimo chochote kilichomo katika zahanati.

Kazi yenyewe

Mtu asiyewahi kufanya kazi ya misitu huweza kudhani kuwa ni kupanda miche na kupiga picha. Kazi halisi ni nzito zaidi. Wanaojitolea hufyeka mikuza ili kuonyesha mipaka, husafisha njia za kuzuia moto, hutunza vitalu vya miche na kupogoa matawi. Katika sensa ya miti, hupima kipenyo cha kila shina katika urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, mti hadi mti, tangu alfajiri hadi jua linapokuwa kali. Wengine huhesabu wanyama na ndege, hutega panya na popo kwa ajili ya utafiti, na hulala katika mahema au katika nyumba za udongo vijijini.

Tanzania ina historia ndefu ya kazi hizi kufanywa na watu waliojitolea. Mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na asasi ya Uingereza iitwayo Society for Environmental Exploration walianzisha mradi uliojulikana kama Frontier Tanzania. Vijana, wengi wao kutoka Uingereza, walipiga kambi katika misitu ya pwani na baadaye katika milima ya Usambara Mashariki, wakiorodhesha mimea, popo, vyura na vinyonga pamoja na watafiti wa Kitanzania. Mwaka 1991, jijini Dar es Salaam, Jane Goodall alikutana na wanafunzi 12, na hapo ukaanza mtandao wa vijana wa Roots & Shoots ambao leo unafahamika katika nchi nyingi. Karibu zaidi na Mwanza yapo mashamba ya miti ya serikali: Buhindi, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, na Rubya katika kisiwa cha Ukerewe. Upande wa magharibi iko misitu ya Biharamulo, na kusini mwa nchi liko shamba kubwa la Sao Hill, wilayani Mufindi.

Kazi hii ina faida kubwa kwa nchi na kwa kijana mwenyewe, wala hakuna katika yanayofuata kinachohalalisha kuuogopa msitu. Yanahusu kuingia na kutoka humo kwa akili.

Muda wa kuatamia

Kila ugonjwa wa kuambukiza una muda wa kuatamia, yaani siku zinazopita tangu vimelea viingie mwilini hadi dalili ya kwanza ionekane. Kwa mfanyakazi wa msituni, muda huu ndio ufunguo wa jambo lote.

Malaria kali, kwa kawaida, haitoi dalili kabla ya siku 7 tangu mtu aumwe na mbu mwenye vimelea, na wengi huugua ndani ya mwezi mmoja, ingawa wapo wanaochelewa hadi miezi mitatu. Malale ya ukanda wetu wa Afrika Mashariki huanza aghalabu kati ya wiki 1 na 3. Homa ya virusi vya Marburg huanza kati ya siku 2 na 21. Pepopunda hutokea kwa kawaida kati ya siku 3 na 21 baada ya jeraha. Kichaa cha mbwa huchukua mara nyingi miezi 2 hadi 3, na pengine zaidi.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi anamaliza wiki sita za kupima miti katika msitu wa magharibi mwa nchi. Siku ya mwisho anaumwa na mbung'o shingoni, anampiga kofi na kumsahau. Kesho yake anapanda basi. Siku kumi na mbili baadaye, akiwa nyumbani Mabatini, anapata homa na maumivu ya kichwa. Ukihesabu siku hizo na kuzilinganisha na muda wa kuatamia, utaona kwamba homa hiyo haikuanzia Mabatini. Lakini hesabu hiyo haiwezekani ikiwa hakuna aliyejua kuhusu safari.

Malale na kioo cha hadubini

Kanda ya Ziwa inaujua ugonjwa wa malale kwa uchungu. Mwanzoni mwa karne ya 20, upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria, inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 200,000 walikufa kwa malale. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mlipuko mwingine ulitokea karibu na Mwanza. Mtaalamu wa wadudu Charles Swynnerton aliuchunguza na kuchapisha taarifa yake mwaka 1923, na aina mojawapo ya mbung'o wa mbuga zetu ina jina lake hadi leo. Katika miongo iliyofuata, vichaka vingi vya Usukuma vilifyekwa ili kumnyima mbung'o kivuli. Ufyekaji huo ulikuwa miongoni mwa sababu za upara wa ardhi ya Shinyanga, na mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa hifadhi ya ardhi, HASHI, uliorudisha miti kwa kutumia utaratibu wa Wasukuma wa ngitili. Kwa wenyeji wa ukanda huu, basi, uhusiano wa mti na afya si habari ngeni.

Mbung'o huuma mchana, huvutwa na magari yanayotembea na nguo za rangi ya buluu iliyokolea au nyeusi, na huweza kupenyeza mdomo wake katika kitambaa chepesi. Ni wachache tu kati yao wenye vimelea. Wanyamapori kama pongo, pamoja na ng'ombe, huvihifadhi vimelea hivyo bila kelele. Ndiyo maana ugonjwa huendelea kuwapo porini hata pale ambapo hakuna mtu anayeugua.

Kwa binadamu, dalili ya kwanza huweza kuwa uvimbe mwekundu wenye maumivu mahali alipoumwa, kisha homa inayokuja na kuondoka, maumivu ya kichwa na viungo, na kuvimba kwa tezi. Baadaye vimelea huingia katika mfumo wa fahamu. Hapo mgonjwa hubadilika tabia, huchanganyikiwa, husinzia mchana na kukesha usiku. Malale ya aina hii huenda kwa kasi. Asipotibiwa, mgonjwa hufa ndani ya miezi michache.

Hapa ndipo penye mtego kwa mhudumu wa afya. Kipimo cha haraka cha malaria, ambacho kimerahisisha kazi katika zahanati zetu, hutafuta protini za kimelea cha malaria tu. Hakiwezi kuonyesha malale hata kidogo. Zaidi ya hayo, vipimo vya haraka vinavyotumika kwa wingi huweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Kijana aliyetibiwa malaria kambini huweza kurudi Mwanza, akapimwa, kipimo kikasema "ipo", akapewa dawa mseto kwa mara ya pili, huku malale yakisonga mbele kimyakimya.

Dawa ya mtego huo ni ya zamani na bado ipo: tone nene la damu chini ya hadubini. Katika malale ya Afrika Mashariki, vimelea huwa vingi katika damu, na mteknolojia wa maabara anayeangalia slaidi kwa ajili ya malaria anaweza kuviona kwenye slaidi hiyohiyo. Mwaka 2001 hospitali za Ulaya zilipokea kundi la wasafiri walioambukizwa malale katika hifadhi za Tanzania. Ugonjwa huo ni adimu sana huko, na taarifa ya safari ndiyo iliyoufanya ufikiriwe. Ni ajabu, basi, ikiwa mgonjwa wa Nyamagana aliyetoka porini juzi atakosa kuulizwa swali ambalo mtalii huulizwa anapofika katika hospitali ya kwao.

Matibabu nayo yamesonga mbele. Kwa miaka mingi yalikuwa ya sindano, na dawa iliyotumika kwa hatua ya pili ya ugonjwa ilikuwa na madhara makali. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya unaopendekeza vidonge vya feksinidazoli, vinavyotumiwa kwa siku 10 pamoja na chakula, kwa wagonjwa wenye umri wa miaka 6 na zaidi na uzito wa kilo 20 na zaidi. Mgonjwa anayeshukiwa hupaswa kupewa rufaa mapema, kwa kuwa dawa hutolewa chini ya uangalizi wa hospitali na huhitaji kuagizwa kwa utaratibu maalumu.

Pango la Maramagambo

Mfano ulio wazi kuliko yote wa uzito wa taarifa ya safari unatoka katika msitu wa Maramagambo, magharibi mwa Uganda. Ndani ya msitu huo kuna pango lenye maelfu ya popo wala-matunda. Mwishoni mwa mwaka 2007 mwanamke mmoja kutoka Marekani alilitembelea, akarudi kwao, na siku chache baadaye akaugua vibaya. Alilazwa, akapimwa magonjwa mengi, majibu hayakutoa jina la ugonjwa, na hatimaye akapona. Katikati ya mwaka 2008 mwanamke kutoka Uholanzi aliingia katika pango hilohilo, akaugua baada ya kurejea nyumbani, na akafariki dunia mwezi Julai. Ugonjwa wake ulithibitishwa kuwa Marburg. Habari hiyo ilipomfikia yule Mmarekani, aliwaendea wataalamu na kuomba apimwe tena. Mwezi Januari 2009, mwaka mzima baada ya kuugua, ilithibitishwa kwamba naye alikuwa amepata Marburg. Aliyeunganisha nyuzi hizo alikuwa mgonjwa mwenyewe, kwa sababu alijua alikokuwa.

Tangu hapo virusi hivyo vimefika karibu nasi. Tarehe 21 Machi 2023 serikali ilitangaza mlipuko wa Marburg wilayani Bukoba, mkoani Kagera. Watu 9 waliugua na 6 kati yao walifariki, kabla mlipuko haujatangazwa kumalizika tarehe 2 Juni. Tarehe 20 Januari 2025 mlipuko wa pili ulitangazwa katika wilaya ya Biharamulo. Wagonjwa wawili walithibitishwa kwa maabara na wanane walihesabiwa kuwa yamkini waliugua ugonjwa huo. Wote 10 walifariki. Mlipuko huo ulitangazwa kumalizika tarehe 13 Machi 2025.

Kwa anayejitolea, funzo ni kutoingia katika mapango wala machimbo yenye popo bila sababu ya kazi na bila vifaa kamili vya kujikinga, kutoshika popo au nyani aliyekufa, na kutokula matunda yaliyong'atwa na popo. Kwa mhudumu wa afya, mgonjwa mwenye homa kali ya ghafla, kutapika, kuharisha au kutokwa damu, aliyetoka katika eneo la aina hiyo ndani ya siku 21, atengwe kwanza, vifaa vya kujikinga vivaliwe, kisha Mganga Mkuu wa Wilaya ataarifiwe mara moja. Namba ya bure ya Wizara ya Afya, 199, ipo kwa ajili ya wananchi pia. Swali kuhusu safari linapoulizwa mlangoni, kabla damu haijachukuliwa, linamlinda mhudumu mwenyewe.

Papasi na kupe

Magonjwa yasiyo na sifa kubwa huwapata watu wengi zaidi. Anayelala katika nyumba ya udongo yenye nyufa anaweza kuumwa usiku na papasi, ambaye hunyonya damu kwa muda mfupi kisha hurudi ufani kabla hakujapambazuka. Takriban wiki moja baadaye huja homa kali ya siku chache, inayotoweka na kurudi tena baada ya siku kadhaa. Kipimo cha haraka cha malaria hakiuonyeshi ugonjwa huu. Slaidi iliyochukuliwa wakati homa imepanda huweza kuwaonyesha bakteria wake waliojipinda kama uzi. Dawa zake ni za kawaida, kama doksisaiklini, lakini mgonjwa aangaliwe kwa makini katika saa za mwanzo za matibabu, kwa kuwa homa huweza kupanda ghafla na shinikizo la damu kushuka.

Kupe wa nyasini na wa mifugo huleta homa nyingine, yenye alama inayosaidia sana kuitambua: kigaga cheusi mahali alipoumwa, mara nyingi mguuni au kiunoni, pamoja na tezi zilizovimba karibu yake. Kigaga hicho huonekana tu ikiwa mgonjwa amevuliwa nguo na kuchunguzwa. Kijana anayekagua mwili wake kila jioni kambini, na kumng'oa kupe kwa kibano taratibu bila kumminya, hupunguza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa.

Mambo yasiyosubiri

Yapo madhara yanayotaka hatua palepale, kabla ya kufikiria safari ya kurudi. La kwanza ni kuumwa na nyoka, ambalo Shirika la Afya Duniani liliingiza mwaka 2017 katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Moma hulala kimya njiani na huuma anayemkanyaga. Swila na koboko wana sumu inayopooza misuli ya kupumua. Aliyeumwa atulizwe, avuliwe pete, bangili na kiatu, kiungo kilichoumwa kifungwe banzi kisitikisike, naye abebwe hadi hospitali. Asichanjwe kwa wembe, asifungwe kamba ya kukaza, na muda usipotezwe kwa jiwe jeusi. Swila akitema sumu machoni, macho yasafishwe mara moja kwa maji mengi safi. Hospitalini, mililita chache za damu zilizoachwa kwa dakika 20 katika chupa safi na kavu ya kioo, bila kutikiswa, humwambia tabibu kama damu imepoteza uwezo wa kuganda. Kipimo hicho hakihitaji umeme.

La pili ni majeraha ya panga, msumeno na matawi yanayoanguka. Damu izuiliwe kwa kukandamiza kitambaa safi, na kinga ya pepopunda iulizwe. Kijana wa kiume aliyechanjwa utotoni huweza kufika umri wa chuo bila kupata nyongeza yoyote ya chanjo hiyo.

La tatu ni nyuki. Kwa watu wachache, kuumwa na nyuki hata mmoja huleta uvimbe wa koo na kuzimia, na tiba ya dharura ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja. La nne ni kung'atwa na mbwa au mnyama wa porini. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa ianze. Dalili za ugonjwa huo zikishatokea, tiba hufeli karibu kila mara.

Kabla ya kupanda basi

Maandalizi mengi hugharimu muda tu. Anayekwenda afike katika kituo cha afya wiki nne kabla ya safari na aseme anakokwenda. Hapo ataangaliwa chanjo, atashauriwa kuhusu chandarua chenye dawa, na atapewa dawa zake za kudumu za kutosha siku zote atakazokuwa mbali pamoja na akiba ya wiki mbili. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, mwenye kisukari, pumu au kifafa, asiziache dawa nyumbani kwa kuona haya mbele ya wenzake. Mwenye kifafa aseme wazi kwa kiongozi wa kambi, ili asipangiwe kupanda miti wala kulinda moto.

Kanda ya Ziwa ina watoto na vijana wengi wenye selimundu, na wao wanahitaji tahadhari ya pekee. Kiu, baridi ya milimani, uchovu na malaria, kila kimoja peke yake kinaweza kuleta maumivu makali. Baadhi yao wanaweza kujitolea katika vitalu au katika kazi za kumbukumbu, wakiwa na maji ya kutosha, dawa zao na hospitali isiyo mbali. Wengine watashauriwa wasiende, na ushauri huo hupaswa kutolewa kwa heshima na kwa sababu zinazoeleweka.

Mjamzito aeleze hali yake mapema, kwa kuwa malaria humdhuru yeye na mtoto. Kiongozi wa kambi naye awe na orodha ya majina, namba za ndugu, hospitali ya karibu na usafiri wa dharura. Ni vyema pia kukumbuka kwamba kijana aliye mbali na nyumbani kwa mara ya kwanza huweza kuingiwa na upweke mzito. Simu ya jioni kwa wazazi, au mwenzake wa kuzungumza naye, hutosha mara nyingi kumzuia asiitafute faraja katika pombe.

Wanaokuja ziwani

Safari huenda pande zote mbili. Wapo vijana kutoka nyanda za juu na kutoka nchi za ng'ambo wanaokuja kupanda miti na kutunza fukwe za Ziwa Viktoria. Wao hukutana na ugonjwa ambao kwa wenyeji ni wa kila siku: kichocho. Maji ya ufukweni yenye magugu na konokono huweza kuwa na viluwiluwi vinavyopenya ngozi kwa dakika chache. Kwa mgeni ambaye mwili wake haujawahi kuvikuta, wiki 2 hadi 8 baadaye huweza kuja homa, kikohozi, upele na kuharisha, wakati ambapo mayai hayajaanza kuonekana katika choo. Ndiyo maana kupima mara tu baada ya kuogelea hakusaidii. Vipimo hufaa zaidi baada ya takriban wiki 8, na prazikwanteli, dawa inayofahamika vizuri Mwanza, humaliza kazi. Mgeni huyo atakuwa ameshafika kwao. Anapaswa kuondoka Mwanza akijua jina la ziwa aliloogelea na jina la ugonjwa wa kutaja.

Maswali matano

Kwa wahudumu wa afya, yote haya yanaweza kukusanywa katika maswali matano yanayochukua chini ya dakika moja. Katika miezi mitatu iliyopita ulikuwa wapi? Ulifanya kazi gani huko? Ulilala wapi, na chini ya chandarua? Uliumwa, uling'atwa au ulijikata na nini? Ulirudi tarehe ngapi? Majibu yaandikwe katika cheti cha mgonjwa, ili atakayempokea kwa rufaa asianze upya. Homa isiyopungua baada ya kumaliza dawa mseto ya siku tatu isipewe dozi nyingine kabla slaidi haijaangaliwa kwa hadubini. Katika ombi la maabara, tabibu aandike maneno "ametoka msituni" pamoja na jina la mahali, kwa kuwa mteknolojia huona kwa urahisi zaidi kile alichoambiwa akitafute.

Kwa wagonjwa na familia zao, wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Anayeificha safari huficha nusu ya maradhi. Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa kuonekana wanajivuna, wapo wanaodhani tabibu hana muda, na wapo ambao hawajui kuwa safari ya mwezi uliopita inahusika na homa ya leo. Inahusika. Mgonjwa asiyeulizwa ana haki ya kusema mwenyewe, na akizidiwa, ndugu aliyemleta aseme kwa niaba yake.

Daftari dogo latosha: jina la msitu, tarehe ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala, wadudu na wanyama waliomuuma, dawa alizomeza. Kijana alihifadhi pamoja na vyeti vyake kwa miezi mitatu baada ya kurudi, na ajapo kupata homa katika kipindi hicho, alibebe hadi zahanati. Katika hospitali yoyote ya Nyamagana, kuanzia zahanati ya mtaa hadi Bugando, ukurasa huo mmoja unaweza kumfanya mteknolojia ainue slaidi, aiweke chini ya hadubini, na kuangalia mara ya pili.